Lango la Bibi Mkono-Tawi

Shule ya Misheni,
Mbumbuni.
11 Machi 1951

Kwa dada yangu Muthoki,

Nakusalimu wewe, shemeji Ndolo na watoto, na wote wa upande wa pili wa kijito. Sisi huku tu wazima. Syombua amejifungua salama, mtoto wa kike, na kama desturi inavyotaka tumemwita Ndinda, jina la marehemu mama yetu. Analia kwa sauti yako, kwa hiyo najua ataishi.

Sasa nikuambie lililonikalisha kuandika. Zile hadithi nilizokuwa nikiwatungia wanafunzi wangu jioni zimekuwa kitabu. Kimepigwa chapa Nairobi, kina picha, na jalada lina jina langu lote, Musembi Kilonzo. Kinaitwa Kanini na Mji wa Chini ya Mwamba. Ni habari ya mvulana anayeingia ndani ya mwamba na kukuta mji wa kanga wanaosema kama watu. Huko anashikwa na zimwi, halafu anatoroka. Mwamba wenyewe utautambua ukiona picha. Ni ule wetu, tulioanikia mtama.

Nimekutumia nakala moja kupitia dukani kwa Mzee Abdallah. Wape watoto. Mama Mkubwa usimsumbue nacho, ni mambo ya kitoto tu, na Kiswahili chenyewe hakijui. Msalimie na kumwambia kwamba tuna mtoto.

Mimi ndugu yako,
Musembi


Migwani,
29 Aprili 1951

Kwa ndugu yangu mwandishi,

Pokea salamu zetu, na zaidi kwa Syombua na huyo Ndinda mdogo. Mvua imekuja na kukatika, mahindi yamesimama yakitutazama. Ndolo ana kikohozi lakini hakubali kulala. Mama Mkubwa analalamika mgongo, lakini juzi alipeleka vyungu soko la Kabati na hakurudi na hata kimoja. Nilipomwambia mtoto ameitwa Ndinda alisema ni vizuri, ndivyo inavyotakiwa. Kisha akachukua mtungi akaenda kuteka maji, na mtungi mwingine ulikuwa umejaa pale pale mlangoni.

Kitabu kimefika. Umesema nisimsumbue nacho. Ningemfichaje, Musembi? Abdallah alikifungua barazani kwake siku ya soko na kuita kwa sauti yake ile ya adhana kwamba mwana wa Kilonzo ameandika kitabu. Mama Mkubwa aliacha vyungu vyake chini akaja mbio. Alifuta mikono kwa nguo, akafuta tena, halafu akaniambia nimshikie, asije akakichafua kwa udongo. Alitaka kukinusa tu. Sasa amekifunga ndani ya kile kitambaa chake cha buluu cha kanisani, na kila jioni navuka kijito kwenda kumsomea kwa Kikamba. Amecheka sana kwa wale kanga. Anawaeleza wanawake wote wa kisimani kwamba yeye ndiye aliyemlea mwandishi.

Tumesoma sura mbili pamoja. Mimi nimetangulia peke yangu, nikafika kwa yule zimwi, Bibi Mkono-Tawi. Sitaki kusema neno kabla hujasema wewe. Nakuuliza tu, ulimtoa wapi?

Dada yako,
Muthoki


Shule ya Misheni,
Mbumbuni.
24 Juni 1951

Kwa dada Muthoki,

Salamu nyingi. Nisamehe kwa kukawia. Mtoto alipata homa, amepona, halafu mitihani ikanishika. Nawatakia shemeji nafuu na nyinyi mvua. Kwetu maharagwe yanaendelea vizuri.

Kitabu kinasomwa hapa shuleni mpaka kurasa zinalegea. Mwalimu mkuu aliniita nizungumze mbele ya walimu wa shule za jirani, niwaeleze hadithi imetoka wapi. Nikawaeleza kwamba mwamba ni wetu. Kanga ni wale waliotuibia mtama, na malkia wao mwenye makelele ni dada yangu aliyekuwa akiwafukuza. Usikasirike, malkia ndiye anayependwa kuliko wote. Kisima kinachosema ni kile kilichokauka mwaka wa nzige, tulichoinamia na kuita majina yetu. Walicheka na kupiga makofi.

Mwalimu mmoja akauliza habari za zimwi. Nikamjibu kwamba mazimwi hayana kwao, kila mtoto wa Ukambani amelala na moja chini ya kitanda. Nawe nakujibu hivyo hivyo.

Ila sura ya nne usimsomee. Au isome kwa namna yako, wewe una akili.

Ndugu yako,
Musembi


Migwani,
19 Agosti 1951

Musembi,

Hatujambo, na Ndolo amepata nafuu. Watoto wanakusalimu. Yametosha hayo.

Nilifanya ulivyotaka, nikaisoma sura ya nne kwa namna yangu. Katika usomaji wangu Bibi Mkono-Tawi hakuwa zimwi. Alikuwa bibi mzee wa ndani ya mwamba, mfinyanzi, anayewapa watoto waliopotea uji na mahali pa kulala. Nilijisifu moyoni kwa jinsi nilivyolibadilisha jambo. Mama Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Muthoki, macho yako yanaenda mbali na mdomo unabaki karibu."

Siku ya soko alikichukua kitabu mwenyewe akampelekea Abdallah. Yule mzee alikuwa amekisifu Migwani nzima bila kupita jalada. Alivaa miwani yake, akamwekea kiti Mama Mkubwa, akaanza kusoma kwa Kiswahili na kufasiri kwa Kikamba chake cha dukani, na watu wakajaa kama kawaida. Alisoma jinsi Bibi Mkono-Tawi anavyokamata watoto na kuwafinyanga kuwa vyungu. Akasoma mikono yake myekundu ya udongo usiotoka hata kwa mchanga, na mkono wa kushoto uliopinda kama tawi la mgunga, na kile kitambaa cha buluu. Akasoma anavyosema na vyungu vyake kwa sauti ya chini anapovifinyanga, asivyosema na watu. Kufikia hapo baraza zima lilikuwa linamtazama Mama Mkubwa, na Abdallah alikuwa ameshaelewa, akafunga kitabu akasema miwani ina vumbi.

Mama Mkubwa akamwambia, "Soma, Abdallah. Hata mimi nataka kujua anafanya nini."

Akasoma mpaka mwisho wa sura, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Kuna mtu alicheka nyuma ya watu. Mama Mkubwa alishukuru, akakifunga kitabu kwenye kitambaa, kitambaa kile kile, akatembea kurudi nyumbani.

Tangu siku hiyo hajaenda sokoni. Udongo aliouchimba umekaukia shimoni. Binti yangu Mbinya amerudi shuleni analia, wenzake wanamwita mjukuu wa Mkono-Tawi. Abdallah alikuja na majani ya chai na sukari, akasimama mlangoni kwangu hataki kuketi, akasema, "Dada Muthoki, siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nimeimwaga barazani." Yeye mtu wa pwani, asiye ndugu wa mtu hapa, ndiye aliyekuja. Wewe huna hata barua.

Naona aibu kwa ajili yako. Naona aibu na kwa ajili yangu, maana nilipokuwa nikiyageuza maneno nilijua kabisa ninachokificha. Mwanamke aliyetulea mimi na wewe baada ya mama kufa, mke mkubwa wa baba ambaye hakutuzaa, umewagawia watoto wa Kenya nzima wamwogope.

Na kuna jambo jingine lingekufaa kulijua. Lakini niliapishwa nisiliseme, na siku hizi wanaosimulia wamezidi wanaoshika kiapo.

Muthoki


Mbumbuni,
7 Oktoba 1951

Kwa dada yangu,

Sijui nianze salamu kwa nani. Wasalimie wanaotaka kusalimiwa nami.

Barua yako niliijibu mara nyingi na kuchana. Mwezi wa nane, shule ilipofungwa, nilimuaga Syombua kwamba naja kwenu. Nilifika Kitui mjini, nikanywa chai karibu na msikiti, nikaona mama mmoja anashusha vyungu kwenye gari la ng'ombe. Nikageuka. Nilimwambia Syombua kwamba sikupata gari la Migwani. Hiyo ndiyo habari ya safari yangu.

Umeniuliza zimwi nimelitoa wapi na nikakujibu kama mwalimu. Sasa nakujibu. Mama alipokufa na tukahamishiwa nyumba ya Mama Mkubwa, mimi nilikuwa mdogo na nilimwogopa. Alikuwa haongei. Alitupa chakula bila neno, kisha akainama kwenye udongo wake na hapo nikamsikia akiongea, polepole, kwa upole, na vyungu. Nilidhani anavipenda kuliko sisi. Nilikuwa nikilala nikiota kwamba ukitaka akusemeshe vizuri ni lazima kwanza uwe chungu. Nilipokaa kuandika na kutafuta kitu cha kutisha watoto, sikuhitaji kutafuta. Mkono ulikuja wenyewe, na mikono myekundu, na kitambaa. Nilijua ni yeye. Nilijua kila neno.

Lakini lile linalonifanya nishindwe kujitazama si zimwi. Ni kwamba niliandika nikiamini hatasoma. Nilijiambia hajui kusoma, hajui Kiswahili, yuko mbali, na hivyo vyote nikavifanya ruhusa.

Naweza kuwaandikia wachapaji wa Nairobi, nakala zilizobaki wazichome, au wabadilishe mkono, wabadilishe kitambaa. Mwambie ni hadithi tu. Hapana, usimwambie hivyo. Sijui umwambie nini.

Na hilo jambo uliloapishwa, nakuomba, kama linanihusu niambie.

Musembi


Migwani,
18 Novemba 1951

Ndugu yangu Musembi,

Salamu kutoka kwetu sote. Mvua ya vuli imekuja kwa nguvu na kijito kimejaa, kwa hiyo nimelala kwa Mama Mkubwa juma zima, na hii naiandika kwenye meza yake. Ni mzima. Mgongo uko pale pale.

Nilimsomea barua yako. Yote, bila kuruka, hata ile ya vyungu. Aliposikia kwamba ulirudi nyuma ukiwa Kitui mjini alitikisa kichwa kidogo. Kesho yake jioni alitoa kitabu kwenye sanduku, akataka nimsomee tena sura ya nne, kama ulivyoiandika, kwa Kikamba cha nyumbani na si cha dukani. Nikasoma. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, lakini nilisoma. Yeye alikuwa anachambua choroko.

Nikafika pale Kanini anapotoroka. Unakumbuka maneno yako? Umeandika kwamba kabla ya alfajiri Kanini alikuta lango la boma liko wazi, kwa maana zimwi lilikuwa limesahau kulifunga, limelala linakoroma, na kwamba juu ya jiwe aliona kibuyu cha uji, akakiiba, akakimbilia kwenye nuru. Hapo alinishika mkono nisiendelee.

Akasema, "Muulize. Katika boma la Kilonzo, nani alikuwa anafunga lango?"

Nami nakuuliza, Musembi, ingawa wewe na mimi na kila mtu aliyezaliwa kwetu anajua. Mke mkubwa ndiye anayevuta tawi la miiba jioni, na ndiye anayeliondoa asubuhi. Hakuna mwingine anayeligusa. Baba mwenyewe akichelewa kwenye pombe alikuwa anasimama nje na kuita mpaka afunguliwe.

Akasema, "Nilisahau siku gani?"

Halafu akarudia choroko zake. Alipomaliza akaniambia kwamba kiapo amekiondoa, niseme nikitaka, yeye anakwenda kulala.

Basi nasema. Asubuhi ile ulipokimbilia misheni, baada ya baba kusema kwamba mwana wake hatakwenda shule maadamu kuna ng'ombe wa kuchunga, mimi nilikuwa macho. Tulilala watatu nyumba moja, wewe umesahau jinsi ilivyokuwa ndogo. Nilimwona akiamka. Alitoka, nikasikia tawi linavutwa taratibu, linainuliwa lisikwaruze. Akarudi, akamimina uji kwenye kibuyu, akauweka nje juu ya jiwe. Akalala tena, akafunika kichwa, na wewe ulipoinuka akaanza kukoroma.

Mama Mkubwa hakoromi, Musembi. Hajawahi kukoroma. Niko hapa juma zima, nimesikiliza.

Asubuhi baba aliona lango wazi na wewe hupo. Hakuhitaji kuuliza nani. Alichukua ile fimbo yake ya kuendea barazani kwa wazee, na Mama Mkubwa hakukana wala hakukimbia. Aliinua mkono wa kushoto kujikinga kichwa. Fundi wa mifupa aliyeitwa alikuja siku nyingi baadaye, mkono ulikuwa umeshaanza kujiunga vibaya. Ulipokuja likizo yako ya kwanza, na kaptura yako nyeupe ya misheni, ukauliza mkono umekuwaje. Yeye ndiye aliyekujibu kwamba alianguka kwenye shimo la udongo. Usiku huo akaniapisha. Alisema ukijua hutarudi shuleni, utabaki nyumbani kwa ajili ya kumwonea huruma, na mkono utakuwa umevunjika bure.

Mkono uliolipatia zimwi lako jina ndio huo.

Sikuandikii hivi ili nikuumize, ingawa mwezi wa nane ningefurahi kukuumiza. Naandika kwa sababu umeuliza. Na usiwaandikie watu wa Nairobi wachome kitu. Amekataa. Amesema watoto wanakipenda na kanga wamekaa vizuri sana.

Dada yako,
Muthoki


Mbumbuni,
2 Desemba 1951

Dada,

Barua yako niliisomea njiani, nikitoka dukani, nikarudi nyumbani badala ya darasani. Syombua alidhani kuna msiba. Nilimpa asome mwenyewe. Aliposoma alimchukua mtoto akatoka naye nje, akaniacha.

Nimekuwa nikiwasimulia wanafunzi, miaka yote hii, jinsi nilivyoipata shule kwa ujanja na miguu yangu. Niliwaambia hata walimu wenzangu siku ile ya makofi. Hakuna aliyeniuliza kibuyu kilijaa chenyewe namna gani. Nilikunywa uji ule nikiwa nakimbia na ulikuwa bado moto, Muthoki. Uji wa moto kabla ya alfajiri, na mimi mtu mzima nikaandika kwamba niliuiba.

Sitaomba msamaha kwa barua. Nitakuja shule ikifungwa. Msomee hii kama ilivyo. Mwambie kwamba nitafika jioni, akishafunga lango, nami nitasimama nje ya miiba na kumwita jina lake kama alivyokuwa akiita baba, mpaka afungue kwa mkono wake. Na asipofungua nitalala hapo hapo nje, halafu nitarudi nilikotoka, na sitamlaumu.

Mwanawe,
Musembi


Migwani,
14 Desemba 1951

Musembi,

Tuko salama. Mbinya amefaulu darasa lake. Abdallah anakusalimu, na ameniomba nikuulize kwa adabu kama katika kitabu kijacho kuna mwenye duka.

Nimemsomea Mama Mkubwa barua yako, nikiwa nimeweka kidole chini ya kila mstari aone kwamba siruki. Pale pa kulala nje ya miiba alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya baraza, akasema fisi watafurahi. Kisha akafuta macho kwa kile kitambaa. Haya ndiyo majibu yake, nayaandika kama alivyoyasema.

"Mwambie lango sifungi tena, mkono umekataa. Siku hizi linafungwa na mwanao Mutunga, na huyo hajui kuamshwa. Mwambie alitoka gizani. Arudi mchana, siku ya soko, apite mbele ya baraza la Abdallah watu wote wamwone anakwenda kwa nani."

Nilidhani amemaliza, nikakunja karatasi. Akaniambia niikunjue.

"Na aje na huyo mtoto Ndinda. Nataka kumbeba, kama mikono yangu haitamtisha."

Nimemwona asubuhi hii kule kijitoni. Anasugua mikono kwa mchanga.

Dada yako,
Muthoki